Kidonda Kilichopona Simuni

Asubuhi za Ndagoni zilianza kwa ufagio. Asmahani alifagia uwanja wa bibi yake mpaka michirizi ya chelewa ikaonekana mchangani, akabandika maji jikoni, akakoroga uji wa mchele na kuutia tui la nazi. Hayo yote aliyafanya vizuri, wala hakuna aliyeweza kumlaumu. Halafu alibeba bakuli la uji mpaka mlangoni mwa chumba cha bibi, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akaingia, akaliweka bakuli juu ya kigoda na kutoka mbio. Alikuja kupumua nje.

Chumba kile kilikuwa kinanuka. Hakikunuka jasho wala moshi, harufu ambazo mtu huzizoea. Kilinuka nyama inayooza, na harufu ilimfuata Asmahani mpaka barazani, ikamkaa kooni hata akishika kitumbua alikiweka chini bila kukila. Alijifunga upindo wa ushungi puani, akaenda kukaa kwenye pembe ya baraza. Hapo ndipo palipokuwa na mtandao, na hapo ndipo alipoitoa simu.

Asmahani alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kwao hasa kulikuwa Kilindoni, alikoishi na mama yake, Somoe. Somoe alikuwa muuzaji katika duka la nguo la Bi Mehrunissa, ambaye wengi walimwita Mama Masooma kwa jina la binti yake. Masooma na Asmahani walisoma darasa moja, na walikuwa kama chanda na pete.

Likizo ya Desemba ilipoanza, zikaja habari kwamba Bibi Mwatima, mama yake Somoe, amechomwa mguuni na mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Bibi alikuwa mchokoaji hodari wa pweza. Maji yakipwa alishuka mwambani na chuma chake mkononi, na hakuna tundu asilolijua. Siku hizo wanakijiji, pamoja na watu wa hifadhi ya bahari, walikuwa wameufunga mwamba mmoja ili pweza wakue, na ilikuwa imepangwa ufunguliwe bamvua ya mwezi uliofuata, maji yanapopwa mbali sana. Bibi aliingoja siku hiyo kama mtoto anavyoingoja Idi. Sasa alikuwa kitandani.

Muuguzi wa zahanati alimsafisha na kumfunga bendeji. Akasema kidonda kioshwe asubuhi na jioni kwa maji ya moto yaliyotiwa chumvi, na kikianza kutoa harufu mbaya, mgonjwa apelekwe hospitali Kilindoni bila kuchelewa. Somoe hakuweza kuondoka, maana Idi ya kuchinja ilikuwa imekaribia na duka lilikuwa limejaa wateja tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo alimtuma Asmahani, akampa simu yake ya zamani ya vibonye, ile yenye tochi.

"Wewe ndiye macho yangu," Somoe alimwambia, akimshika kidevu kama kawaida yake anapotaka kusikilizwa. "Kila siku niandikie meseji nijue mama yangu anaendeleaje. Ukiona mambo yanaharibika, niambie. Nitafunga hata duka la watu nije."

"Sawa, Mama. Usiwe na wasiwasi."

Siku ya kwanza Asmahani alijikaza. Aliifungua bendeji, akaona kidonda chekundu chenye utando wa usaha. Aliosha haraka haraka, akafunga, akakimbilia nyuma ya jiko kutapika. Bibi alimsikia, akacheka.

"Mke mwenzangu!" aliita kutoka chumbani, maana alipenda kumtania hivyo, kama bibi wengi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mguu ni wangu, wa kuugua wewe?"

Kesho yake Asmahani alisimama mbele ya kitanda na beseni la maji, uso kaukunja kama aliyelambishwa shubiri. Bibi alimtazama usoni.

"Weka hapo," alisema. "Nitaosha mwenyewe."

"Kweli, Bibi?"

"Weka."

Asmahani aliweka beseni na kutoka. Alijua fika kwamba Bibi haoni vizuri na mgongo haumpindi kufika unyayoni. Alijua, akatoka tu. Alipofika barazani simu ikalia. Ilikuwa meseji ya mama yake: *Umemwosha bibi? Kidonda kikoje?*

Kama Somoe angekuwa amesimama pale na kumshika kidevu, ukweli ungetoka wenyewe. Lakini simu haina macho wala haishiki mtu kidevu. Asmahani aliandika: *Nimemwosha mama. Kinakauka vizuri alhamdulillah.* Mwishoni akaweka nukta mbili na mabano, alama ya uso unaocheka. Uso wake mwenyewe ulikuwa bado umekunjamana chini ya ushungi.

Ilikuwa rahisi mno. Jioni akaandika tena, na kesho yake, na keshokutwa. Beseni liliingia na kutoka, na siku nyingine maji yalitoka masafi kama yalivyoingia. Bibi alijaribu kujifuta kwa kitambaa cha kanga kuukuu, akikosa mahali penyewe, kisha akakifunga juu ya uchafu. Simuni kidonda kiliendelea kukauka.

Pamoja na meseji za mama, zilikuwapo za Masooma. Masooma hakuwa na simu yake. Aliiba nafasi kwenye simu ya mama yake, Bi Mehrunissa alipokuwa akipima vitambaa. *Vipi huko shamba? Nimekumiss*, aliandika. Kwake Asmahani hakuona haja ya kuficha. Alimwandikia: *Shoga nakufa. Mguu wa bibi unanuka kama pweza aliyesahauliwa ndooni. Nikiingia nabana pumzi.* Masooma akajibu kwa kicheko kirefu, *hahahahaaa*, na Asmahani akatamani kicheko kingine. Siku iliyofuata akaongeza chumvi: *Leo nzi wamefanya harusi mguuni. Umekuwa mweusi kama sufuria. Mimi nimeshajiuzulu kuosha.* Masooma akacheka tena.

Angalia basi mambo yalivyogeuka. Kwa mama yake, aliyetaka kuujua ukweli, alipeleka uongo uliovaa adabu. Ukweli wenyewe aliutupa kwa rafiki yake, apate kuchekwa nao.

Mwanzoni, jioni, Bibi alikuwa akijikokota hadi barazani kupunga upepo, akimsimulia Asmahani habari za mwambani. Alipenda zaidi kisa cha pweza mkubwa aliyemnasa mkono ndani ya tundu huku maji yakianza kujaa.

"Akanibana mpaka hapa begani," Bibi alisema, akijishika. "Maji yamefika kiunoni. Wenzangu wote wameshapanda. Unajua nikafanya nini?"

"Eee, Bibi," alijibu Asmahani, vidole vikicheza juu ya vibonye.

Bibi akajikokota kurudi ndani, na Asmahani hakumwona alipoondoka.

Siku zikapita, Bibi akawa hatoki tena. Asubuhi moja alimwita Asmahani mpaka mlangoni. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mwandikie mama yako. Mwambie mguu unaniwaka moto mpaka gotini. Usingizi sipati. Mwambie aje."

Asmahani alisimama na simu mkononi. Akiandika hivyo, mama atakuja, na akija ataona. Zile meseji zote zitamrudia. Alibonyeza, akabonyeza, akatuma.

"Umemwandikia?"

"Nimemwandikia, Bibi."

Alichoandika ni hiki: *Bibi anakusalimu sana. Anasema usihangaike, mle sikukuu kwa furaha.* Na uso unaocheka.

Watu huchukizwa na usaha. Ni sawa, unachukiza. Lakini usaha hutoka kwenye mwili usio na hiari. Meseji ile ilitoka kwenye kichwa kizima na vidole vizima, na mimi ninayesimulia, ikinijia akilini hadi leo nachefukwa nayo zaidi.

Tangu saa ile Bibi alikuwa akingoja. Kila pikipiki iliponguruma barabarani, aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Pikipiki ikipita, kichwa kilirudi chini. Jioni aliuliza, "Somoe kajibu nini?"

"Kasema atakuja."

Kesho yake akauliza tena, akajibiwa vilevile. Siku ya tatu hakuuliza. Alijigeuza akaelekea ukutani, na uji ukapoa juu ya kigoda mpaka ukafanya ngozi. Hakumwita tena Asmahani mke mwenzake. Hakumwita jina lolote.

Asmahani sasa alikuwa na hofu, lakini hofu yenyewe ilimsukuma kuendelea na yaleyale. Asubuhi moja alikuwa kwenye pembe yake ya baraza, ushungi puani, simu ikalia. *Bibi anaendeleaje leo? Umeshamwosha?* Akajibu haraka ili amalize: *Nimemaliza sasa hivi. Kidonda kimekauka kabisa. Amekunywa uji wote na anacheka.* Akabonyeza kutuma.

Nyuma ya ua wa makuti, simu ya mtu ikalia.

Asmahani aligeuka. Alidhani ni mpita njia. Lango la ua likasukumwa, akaingia mama yake, buibui limejaa vumbi, simu mkononi. Nyuma yake alikuja Bi Mehrunissa. Walikuwa wameliacha gari la duka barabarani na kuja kwa miguu.

Somoe alikuwa akisoma huku anatembea. "Amekunywa uji wote," alisoma, kwa sauti ya chini kabisa. "Na anacheka." Akainua macho. "Ngoja nikamsikie anavyocheka."

Somoe alimpita kama nguzo ya baraza. Hakubana pua alipoingia, lakini Asmahani alimwona akiyumba kidogo mlangoni, harufu ilipomkumba.

"Mama, shikamoo."

Kitanda kililia. "Nani? Somoe?" Bibi hakugeuka kutoka ukutani. "Marahaba. Umeikumbuka njia leo?"

"Mama, sikujua!"

"Hukujua? Nilikutumia maneno kwamba naungua. Ukasema utakuja. Nimengoja mpaka nikajiambia, basi, duka la watu lina thamani kuliko mimi."

Wote wawili, Somoe na Bi Mehrunissa, waligeuka wakamtazama Asmahani aliyesimama kizingitini. Alitamani wampigie kelele kuliko kumtazama vile.

Somoe alipiga magoti na kuanza kukifungua kile kitambaa cha kanga. Kilikuwa kimegandana na nyama. Alipokitoa, nzi waliruka, usaha wa kijani ukatiririka juu ya shuka, na pale kidole kidogo kilipokuwa palionekana kitu cheusi kilichovimba. Somoe aliinama pembeni akatapika mate machungu. Alijifuta kinywa kwa mkono wa buibui, akarudi kuushika mguu. Bi Mehrunissa alijitia mtandio puani, machozi yakimtoka kwa ukali wa harufu, lakini mkono wake mwingine uliendelea kummulikia Somoe kwa tochi ya simu.

Asmahani aliona. Kumbe mama naye huona kinyaa! Kumbe mtu anaweza kutapika na bado akarudi.

Walimbeba Bibi wote watatu mpaka garini. Bi Mehrunissa alishika usukani, Somoe akakaa mbele. Asmahani aliambiwa akae nyuma na kuupakata mguu wa bibi yake mapajani, usigongwegongwe na mashimo ya njia. Harufu ilijaa gari lote. Safari hii hapakuwa na baraza ya kukimbilia.

"Toa simu," alisema Somoe, bila kugeuka. "Msomee bibi yako meseji ulizoniandikia. Tangu ya kwanza."

Asmahani alisoma. Sauti ilimkatika kila baada ya maneno mawili. *Nimemwosha mama. Kinakauka vizuri.* Mguu ulikuwa wa moto juu ya mapaja yake. *Kimefunga mdomo. Bibi hajambo, amekula samaki.* Usaha ulipenya kanga, ukamfikia kwenye ngozi. *Bibi anakusalimu sana. Anasema usihangaike.* Hapo aliona kinyaa cha aina nyingine, kinyaa kisichotoka puani. Alivichukia vile vidole vyake vilivyoshika simu.

Bi Mehrunissa alinyoosha mkono nyuma na kumpa simu yake. "Na hizi pia zako, mwanangu. Masooma alisahau kuzifuta. Jana namwuliza mama yako, mgonjwa vipi, ananiambia kidonda kimekauka, Asmahani kaniandikia. Mimi nimetoka kusoma kwamba nzi wamefanya harusi. Simu mbili kwenye meza moja, kila moja na habari yake."

"Usinisomeshe hizi, Mama Masooma, nakuomba," alilia Asmahani.

"Asome," alisema Bibi.

Alisoma. Ile ya pweza aliyesahauliwa ndooni, ile ya harusi ya nzi, ile ya mguu mweusi kama sufuria. Alipomaliza, alingoja Bibi amlaani.

"Hizo ndizo za kweli," Bibi alisema taratibu. "Angalau Mehrunissa alipata habari zangu."

Hospitalini, Tabibu Muhidini aliupima mguu kwa muda mrefu. Kisha akawatazama wote. "Ncha ya mwiba ilikatikia ndani. Kidonda kingeoshwa kila siku, ingeonekana mapema kwamba hakiponi. Nani alikuwa akimwosha?"

Somoe na Bi Mehrunissa walimgeukia Asmahani. Tabibu hakuwa meseji. Alikuwa mtu, amesimama, anangoja.

"Mimi," alisema Asmahani. "Sikumwosha. Niliandika kwamba nimemwosha, lakini sikumwosha."

Tabibu alitikisa kichwa. "Mguu tutauokoa, inshallah. Kidole hiki hakiponi tena. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Kidole kikakatwa. Idi ililiwa wodini, pilau imebebwa kwenye hotpoti. Somoe na mama yake walizungumza kwa muda mrefu peke yao, na walipomaliza wote walikuwa wamelia. Asmahani hakukaripiwa sana. Alipewa kazi ya kushika beseni kila muuguzi alipokuja kuosha kidonda, ajifunze.

Siku ya kuruhusiwa ilipofika, Somoe alisema atatafuta mtu wa kumwangalia mama yake Ndagoni. Asmahani alisema kwa sauti ndogo, "Nitarudi mimi, Mama. Kama Bibi atakubali."

Bibi alimtazama kutoka kitandani.

"Sogea hapa," alisema. "Ulidhani nimekuchukia kwa sababu ulikunja uso? Mimi mwenyewe niliuonea kinyaa mguu ule. Mama yako kautapikia mbele ya macho yangu, na sikumwona mbaya, kwa sababu alirudi kuushika. Kinyaa si kosa, mjukuu wangu. Ungeniambia, Bibi, siwezi, tungemwita jirani, tungecheka, tungemaliza. Wewe uliniacha. Simuni nilikuwa nimepona, chumbani nilikuwa naoza. Na mwanangu ukamfanya katili machoni pangu, hali maskini hana habari. Usiitume simu ikusemee moyo ambao huna. Sema ulio nao, hata kama ni mbaya."

"Nisamehe, Bibi."

"Utarudi nami. Lakini simu nitaiweka mimi."

Ikawa hivyo. Bibi, asiyejua kusoma hata herufi moja, aliifunga simu kwenye pindo la kanga yake, na meseji haikutoka mpaka isomwe kwanza kwa sauti.

Bamvua ya mwezi uliofuata ilipofika, mwamba ulifunguliwa. Tangu alfajiri kijiji kizima kilishuka pwani na vyuma na ndoo, watu wakiitana na kuchekeana. Bibi alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda, akiwasikiliza. Asmahani alileta beseni, akafungua bendeji, akaosha. Kidonda kilikuwa chekundu na bado kilitoa maji. Pua ilimkunjana yenyewe, hakuificha, na mikono haikuacha kazi. Alipomaliza, Bibi alifungua pindo na kumpa simu.

Asmahani aliandika, kisha akasoma kwa sauti: "Mama, nimemwosha Bibi. Bado kinatoa maji kidogo lakini hakinuki. Leo mwamba umefunguliwa, na Bibi amelia kwa sababu hakwenda."

"Nimelia lini?"

"Nimekuona, Bibi."

Bibi alitazama upande wa bahari. "Haya, iache. Na uongeze hivi: mke mwenzangu kaniosha vizuri, na uso kakunja."

"Niandike na hilo?"

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

Asmahani aliandika yote, akatuma, akairudisha simu mwenyewe pindoni. Akakaa chini, karibu na kigoda. Kelele za furaha zilipanda kutoka pwani. Bila shaka mtu alikuwa amepata pweza mkubwa.

"Bibi," alisema, "yule pweza aliyekunasa mkono, maji yanajaa. Ulifanya nini? Hukunimalizia."

"Ningekumaliziaje? Nilikuuliza, ukaniambia eee." Bibi alimgonga kidogo kichwani kwa kidole. "Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa sasa, lakini hukuwepo."

Asmahani aliinamisha kichwa.

"Leo upo?"

"Nipo, Bibi."

"Basi sikiliza. Naanza upya."